Nyumba za Kilimani na hasira za Bonn

Huu ni mwaka wangu wa saba Berlin, katika maghorofa ya zege ya Marzahn, upande uliokuwa wa Ujerumani Mashariki. Siku ya kwanza nilipoingia na mabegi yangu nilihisi niko kwa shangazi, Kilimani, Unguja. Jiko lile lile jembamba, ngazi zile zile zinazorudisha sauti ya viatu. Tofauti ni kwamba huku maji yanapanda mpaka ghorofa ya kumi, na shangazi bado anapandishiwa ndoo.

Majirani zangu Wajerumani hawajui kabisa habari ya Kilimani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya mwanzo Afrika kuitambua rasmi Ujerumani Mashariki, na nyumba za Kilimani na Kikwajuni ni matunda ya urafiki ule. Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi wakati ule, ilikasirika, maana sera yake ilikuwa kumkatia uhusiano yeyote anayeitambua Berlin Mashariki. Ulipokuja Muungano mwezi Aprili, mzigo ukamwangukia Nyerere. Akatafuta njia ya kati: ubalozi kamili usiwepo, uwepo ubalozi mdogo Dar es Salaam. Bonn hawakuridhika. Mapema 1965 wakaondoa msaada wao wa kijeshi, na Mwalimu akawaambia wachukue na mingine yote.

Wapo wenzetu huku wanaosema alikosea, eti masikini hachagui. Siafiki hata kidogo. Nimepanga foleni ya kibali cha ukaazi tangu alfajiri, bahasha ya karatasi kifuani, nikahojiwa naishi na nani na nani ananijua. Ukipita pale unaelewa uzito wa nchi ya miaka mitatu kukataa kuchaguliwa marafiki. Na mwaka 1973 Ujerumani zote mbili ziliingia Umoja wa Mataifa siku moja! Tulichoadhibiwa kwacho, Bonn wenyewe walikuja kukikubali.

Kinachoniuma ni kwetu. Huku maghorofa mengi ya enzi ile yamekarabatiwa, yakavishwa ukuta wa pili wa kuzuia baridi. Kwa shangazi nondo zinachungulia kwenye zege la kibaraza. Nchi iliyowajengea imekufa tangu 1990, kwa hiyo hakuna wa kumdai ila sisi wenyewe. Watoto wa jengo lile tulioko nje tumeanza kuchanga. Pampu ya maji kwanza, kibaraza baadaye.