Seva Imejaa, Nani Kajaza?

Hakuna aliyejaza. Uliza ofisi nzima, kuanzia uhasibu hadi masjala, kila mtu ana "vifaili viwili vitatu tu". Diski ya GB 500 iko asilimia 100, hifadhidata imegoma, barua pepe hazitoki, na wote wamemkodolea macho msimamizi wa seva kana kwamba GB zile kaja nazo mfukoni akazimwaga humo.

Haya, seva ni ya Linux, piga `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi ya kila diski, uone pamejaa wapi. Mara nyingi ni /var, saraka zinakorundikana logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu. Kisha, kujua saraka ipi imekula nafasi, `sudo du -xh --max-depth=1 /var | sort -h`. Hiyo -x usiiache, la sivyo du itavuka mpaka ihesabu na diski za mtandao, wewe umekaa hapo mpaka chai imepoa.

Sasa vituko. df inasema zimetumika GB 480. du imezunguka kote, imeona GB 190. Zilizobaki kachukua jini? Wapi! Kuna mjuaji aliona logi imenenepa, akapiga rm, akakung'uta mikono, akaenda kula. Jamani, rm inaondoa jina tu! Programu iliyolifungua faili lile bado imelishika, tena bado inaliandikia. du inafuata majina, kwa hiyo hailioni. Df inauliza mfumo wa mafaili wenyewe, na mfumo unajua nafasi haijaachiwa.

Mchawi anaonekana kwa `sudo lsof +L1`, inayoorodhesha mafaili yaliyo wazi lakini hayana jina tena: safu ya NLINK (idadi ya majina) ina 0, na ukubwa wake uko palepale. Iwashe upya huduma hiyo, nafasi inarudi papo hapo. Haizimiki mchana? Kama PID (namba ya programu) ni 2417 na safu ya FD (namba ya faili ililolifungua) inasema 4w, basi lipunguze faili hadi sifuri kwa `sudo truncate -s 0 /proc/2417/fd/4`. Na siku nyingine logi inayoandikiwa ipunguzwe kwa truncate hiyo hiyo, au bora zaidi logrotate, ile ya kubadilisha logi kwa zamu, iwekwe sawasawa. Lakini nani anasoma maelekezo? Rm ina herufi mbili, truncate ina nane.

Kuna na ile nyingine ya kukutia wazimu: seva inalia "No space left on device", wewe unaangalia df -h, nafasi tele! Piga `df -i`. Zilizokwisha ni inodi, vile vijikadi vya usajili ambavyo kila faili linahitaji kimoja, na ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, kwa kawaida inatoa inodi moja kwa kila KB 16 za diski, na hupangwa siku ya kuumba mfumo. Programu fulani imetaga vifaili vya sesheni kwa mamilioni, kila kimoja baiti chache. Mtafute kwa `sudo du --inodes -x -d1 /var | sort -n`. Usijaribu `rm *`, utaambiwa orodha ya hoja ni ndefu mno. Tumia find, mpe umri wa mafaili, umalizie na -delete.

Halafu anatokea mbishi: "Mbona mimi inaandika?" Bwana, wewe umeingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote! ext4 inamwekea root asilimia 5 za akiba, wenzako wamefungiwa mlango wewe bado unapeta.

Kwota, yaani mpaka wa nafasi kwa kila mtumiaji? Tumeziweka. Kikomo laini (cha kuonywa) GB 5, kigumu (kisichovukwa) GB 6, muhula wa kurudi chini ya kile laini siku 7. warnquota inatuma onyo kwa barua pepe, onyo halisomwi. Muhula ukiisha ndipo simu inalia: "Seva yenu mbovu."

Lakini hao wa diski nawavumilia. Wa `chmod -R 777`, ruhusa zote kwa kila mtu, hapana. Faili moja limekataa kufunguka, basi yeye anafungulia dunia nzima. Akiifanya kwenye nyumba yake, yaani saraka yake binafsi, kesho yake ufunguo wa SSH, wa kuingilia seva kwa mbali, unakataliwa, kwa sababu sshd, programu inayopokea wanaoingia, haiamini saraka ambayo kila mtu anaweza kuiandikia. Soma /var/log/auth.log, kwenye Red Hat ni /var/log/secure, utakuta "bad ownership or modes". Nyumba iwe 700, .ssh 700, authorized_keys 600, kwisha.

Akiifanya kwenye /usr, zinakokaa programu za mfumo, sasa hapo kaeni chini. Ile 777 inafuta biti ya setuid kwenye mafaili, alama inayoipa programu mamlaka ya mwenye faili, na sudo, ya kutekeleza amri kama root, bila setuid haina kazi. Kimbilia su, ya kugeuka root: nayo imekufa, kwa sababu ile ile. Kabla ya kuizima seva na kuiwasha kwa hali ya uokoaji, tafuteni kama kuna mtu kaacha dirisha la root wazi mahali. Wote watakana, maana kuliacha wazi walishakatazwa kwa waraka.