Mtoto Yako Iko Mulago

Mimi ni kifungua mimba wa familia ya kambini. Baba ni wa Arua, Mama wa Soroti, jeshi likawakutanisha, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake, sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili. Baba alipostaafu alijenga Mbarara, na kila Krismasi ukoo mzima humwagika hapo. Desemba ile tulikuwa watu 19, vyumba vitatu, choo kimoja.

Kifungua mimba hajui sikukuu. Tangu tarehe 23 nilikuwa kwenye kigoda namenya matoke. Utomvu wake ukikauka mikononi huwa mweusi kama lami, na sabuni hauijui. Kufikia Boxing Day nilikuwa na viganja vya fundi wa gereji. Kila nikiinuka kunyoosha mgongo, sauti hutokea mahali: "Dada, chumvi iko wapi?" Chumvi ilikuwa palepale ilipokuwa jana.

Usiku huo nililala jikoni, kati ya gunia la mkaa na mtoto wa binamu ambaye bado anakojoa. Nikamkumbuka mama mmoja redioni, aliyesema sikukuu zisikusahaulishe nafsi yako, jifunze kusema hapana. Hapana, mbele ya shangazi zangu? Yule mama bila shaka hana shangazi. Nikaona njia ya salama ni kudanganya.

Asubuhi nikatangaza kwamba ofisi imeniita Kampala, hesabu za mwisho wa mwaka. Nikabeba mkoba wangu, nikapanda teksi ya Ishaka, upande mwingine kabisa, kisha nyingine hadi Kitagata, wilaya ya Sheema.

Kitagata kuna chemchemi mbili za maji ya moto. Moja ni Ekyomugabe, ya mfalme, maana Omugabe wa Ankole alikuwa akioga hapo. Ya pili ni yetu makabwela. Watu huiletea magoti, viuno na baridi yabisi, wakiamini maji yale yanaponya, na kwa imani hiyo wakaipa jina la hospitali kuu ya taifa iliyoko Kampala. Inaitwa Mulago.

Nilifuata utulivu, nikakuta halaiki. Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye jiwe, miguu majini, akinitazama ninavyotafuta pa kukanyagia.

"Huko hapana," akaniambia. "Huko unaiva."

Hakuwa anatia chumvi. Maji yanapochemkia, joto hufika nyuzi 80. Mumewe alikuwa askari, akasema, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kilekile nilichokulia. Nikajifunga leso, nikamkabidhi nguo na mkoba, nikaingia pale aliponionyesha.

Jamani. Maji yalinishika visigino, yakapanda magotini, yakafika kiunoni palipokuwa na kigoda cha siku nne. Hata utomvu ulianza kulegea. Nikalaza kichwa kwenye jiwe, macho nimefumba, mdomo wazi. Kwa mbali nikasikia simu inalia, kama simu ya mtu mwingine. Nikasema hapana. Ikatoka vizuri kabisa, bila hata kutetemeka.

Mazungumzo yaliyofuata nimesimuliwa na pande zote mbili, na hazitofautiani.

"Nani huyo? Mpe simu binti yangu."

"Mtoto yako hawezi ongea, mzee. Iko Mulago."

"Mulago! Amefanya nini?"

"Imelala. Macho imefunga, mdomo imefungua, jasho natoka mingi."

"Yuko na nani?"

"Iko na sisi wagonjwa. Nguo yake nimeshika mimi."

Betri ikaishia hapo.

Mimi sikujua lolote. Nilikaa majini, nikatoka, nikaota jua, nikarudi majini. Jioni, Ishaka, nikaomba dukani nichaji simu. Ilipowaka, ilitetemeka mpaka ikaanguka kutoka kaunta.

Kwenye grupu la familia, picha ilikuwa imebadilishwa. Walikuwa wameweka ile yangu ya mahafali, picha ambayo kwetu hutolewa kwa sababu moja tu. Binamu mweka hazina alikuwa ameorodhesha michango: Baba 100,000, Baba Mdogo 50,000, shemeji "ahadi". Shangazi wa Nebbi alituma kilio cha dakika mbili. Baba Mdogo, anayeishi Kampala, alikuwa Mulago halisi, anapita wadi baada ya wadi akionyesha uso wangu. Baba na Mama walikuwa wamekodi gari, wakapakia blanketi, mkeka, beseni, sufuria na chupa ya chai, kama waendao kuuguza, na walishapita Lyantonde, njia ya Kampala.

Aliyenifufua ni jirani yetu, Mnyankole, aliyekuja kuongoza maombi. Kabla ya amina alifungua jicho moja akauliza, "Lakini jamani, Mulago ipi?"

Baada ya hapo grupu lilikuwa kimya. Ujumbe mmoja tu, wa Baba: "Rudi nyumbani."

Nilifika usiku. Mzee alikuwa barazani na ile chupa ya chai pembeni, haijafunguliwa. Hakunitazama. Shangazi ndiye aliyenikaribisha: "Hesabu za mwisho wa mwaka zimekubali?"

Mweka hazina alikataa kurudisha michango ya watu, akasema fedha ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Shemeji alijisifu kwa kutoa ahadi. Na asubuhi Baba akaja jikoni, akasimama mlangoni akilisugua goti lake.

"Hayo maji," akasema. "Magoti yanayasaidia?"

Tarehe 29 michango ikakodi teksi ya watu 14, tukaingia wote 19. Ile sufuria ilikuja, na mikungu miwili ya matoke, na kigoda changu.

Bibi alikuwa kwenye jiwe lake. Aliposikia sauti ya Baba akainua kichwa.

"Ni wewe tuliongea kwa simu?"

Baba akakubali.

"Mtoto iko Mulago siku ile yote, mzee, na wewe ndiyo nafika leo?"