Kabla ya maua, ijue baridi ya mteremko wako

Mtu akipata kiwanja mlimani kwenye baridi kali, cha kwanza anachotaka kujua ni apande nini. Kila nikiulizwa hujibu vilevile: mwaka wa kwanza usipande mti wala kichaka. Zunguka tu na daftari. Andika theluji inaanza kuyeyukia wapi, jalidi, ile barafu nyembamba ya usiku juu ya nyasi, inalala wapi hadi saa nne asubuhi, maji ya mvua yanapita wapi. Najua jibu hili linawakatisha tamaa wengi. Mimi mwenyewe sikulifuata, na nikalipa kwa mitufaha saba.

Kiwanja changu kilikuwa mteremko mtupu wa mawe na nyasi. Udongo wa kina ulikuwa chini kabisa, mahali palipotulia, pasipo upepo. Nikaona hapo ndipo. Miche ikashika, ikakua, na mwaka wa tatu ikachanua vizuri sana. Kisha ukaja usiku mmoja wa anga safi, nyota tele. Asubuhi maua yalikuwa bado meupe kwa nje, lakini nilipolifungua moja kwa kucha nikakuta kitovu chake kimekuwa cheusi. La pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo. Hatua thelathini tu juu ya hapo, mtufaha wa kujiotea haukuguswa.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake angani, hewa inayoigusa hupoa, nayo huteremka taratibu kama maji na kutuama panapokuwa shimo. Tumezoea kuambiwa kwamba ukipanda mlima joto hupungua, wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, na ni kweli. Lakini usiku wa jalidi, katikati ya mteremko mara nyingi kuna afadhali kuliko bondeni. Jioni moja iliyotulia niliwasha rundo dogo la nyasi mbichi juu ya kiwanja, nikautazama moshi. Ulipanda kidogo, ukapoa, ukaanza kutambaa kuteremka. Ulipofika kwenye ua mzito wa vichaka nilioupanda mpakani chini, ukasimama, ukajaa. Mimi ndiye niliyeijengea baridi bwawa! Kesho yake nilikata uwazi mpana kwenye ua ule, na mitufaha iliyofuata niliipandisha katikati ya mteremko.

Jambo la pili ni maji, yaani kukata mteremko kwa ngazi za kupandia ili mvua isiondoke na udongo, na hapa nina ugomvi wa wazi na wanaoleta katapila siku ya kwanza. Udongo mzuri mlimani ni tabaka jembamba, pengine kina cha kiganja. Mashine ikikata ngazi kubwa kwa siku moja, tabaka hilo linafukiwa na juu panabaki changarawe isiyootesha kitu. Kama ni lazima uchimbe, kwanza kwangua udongo wa juu, uweke kando, uurudishe mwisho. Mimi nilitumia sululu, mtaimbo na fremu ya mbao yenye umbo la A, nikapima mistari ya kontua, yaani inayokata mteremko kwa kimo kilekile, nikajenga ngazi fupifupi kwa mawe yaliyokuwa palepale.

Kuta hizo hazina saruji hata kidogo. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo ukuta uliozibwa bila njia ya kutolea maji hupasuka au husukumwa nje. Ukuta wa mawe makavu, ulioegemea mlima kidogo na kujazwa kokoto nyuma, huyaacha maji yapite. Tena mawe yanayotazama jua hushika joto mchana na kuliachia usiku. Ukiwa kaskazini mwa ikweta, mteremko wa joto ni ule unaotazama kusini. Ukiwa kusini, geuza.

Udongo nao unatembea. Majira ya baridi yalipokuwa yanaishia, nilipiga magoti penye miche ya mimea midogo niliyoipanda wiki chache kabla ya ardhi kuganda. Chini ya kila kijiwe kulikuwa na sindano za barafu zimesimama wima, laini kama nywele, zimebeba vijitonge vya udongo vichwani. Miche ilikuwa imenyanyuliwa upana wa kidole, mizizi ikining'inia hewani. Siku hizi napanda mapema, ardhi ikiwa bado na joto, ili mizizi ishike. Matandazo ya majani makavu nayaweka baada ya baridi kuingia, kwa sababu kazi yake ni kuzuia udongo usigande na kuyeyuka kila siku. Theluji ikilala juu yake siiondoi, maana ni blanketi zuri kuliko yote.

Upepo nitausema kwa ufupi: usiuzuie kwa ukuta mzima. Uzio au mstari wa miti unaopitisha karibu nusu ya upepo hulinda eneo refu zaidi, na hautengenezi kimbunga kidogo upande wa pili.

Mwaka huu ndio nimeanza kupanda maua, kwenye ngazi ya tatu kutoka juu, ambako daftari linaonyesha theluji imetangulia kuyeyuka miaka minne mfululizo. Kule bondeni nimeacha nyasi, na hewa baridi inapita kwenye ule uwazi na kwenda zake.