Ongezeni nafuu ya kibinafsi, asilimia 30 iacheni

Kila msimu wa bajeti husikika pendekezo lile lile: kiwango cha asilimia 30 cha PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara nchini Kenya, kirudishwe 25, kama ilivyokuwa Aprili hadi Desemba 2020, ili mfanyakazi apumue. Linaniudhi, kwa sababu mfanyakazi wa chini anayetajwa kulitetea hatapata hata ndururu.

Chukua mshahara wa shilingi 30,000. NSSF (akiba ya uzeeni) inakata 1,800, SHIF (bima ya afya) 825, ushuru wa nyumba 450. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya matatu huondolewa kwanza, kwa hivyo kinachotozwa PAYE ni 26,925. Shilingi 24,000 za kwanza ni kwa asilimia 10, yaani 2,400. Zilizobaki 2,925 ni kwa asilimia 25, yaani 731.25. Jumla 3,131.25, toa nafuu ya kibinafsi, yaani punguzo la ushuru la kila mfanyakazi, ya 2,400, analipa 731.25 kila mwezi. Asilimia 30 huanza baada ya 32,333. Huyu hajaifikia, basi ukiishusha humgusi kabisa. Lakini mwenye 500,000 za kutozwa ataokoa zaidi ya 23,000 kwa mwezi.

Sasa acha asilimia zilivyo, upandishe nafuu kutoka 2,400 hadi 3,200. Mwenye 30,000 halipi PAYE tena. Kwa mwaka anabaki na 8,775, na hiyo ni karo au kodi ya nyumba. Mwenye nusu milioni naye anapata 800 zake, hazidi hapo. Nafuu hukatwa kwenye ushuru wenyewe, si kwenye mshahara, ndiyo maana haimpendelei mwenye kingi. Sioni njia nyingine ya kupunguza PAYE iliyo ya haki kuliko hii.

Kuna wanaosema inatosha kupanua daraja la asilimia 10 hadi 30,000. Haitoshi. Nafuu ikibaki 2,400, mwenye 30,000 za kutozwa bado atadaiwa 600. Daraja na nafuu vipandishwe pamoja, la sivyo lengo la kutomtoza mwenye 30,000 linabaki nusu.

Nakubali, shingo upande, kwamba anayelipwa 20,000 hafaidiki. Hata leo halipi PAYE, na sehemu ya nafuu asiyoitumia harudishiwi. Kinachomuumiza ni SHIF na ushuru wa nyumba, vinavyokatwa tangu shilingi ya kwanza. Hilo linahitaji dawa yake.

 

Mara ya mwisho nafuu kupandishwa ilikuwa Aprili 2020, wakati wa Korona, kutoka 1,408. Sheria ya Fedha ya 2025 iliwalazimisha waajiri kuwapa wafanyakazi nafuu zote wanapokokotoa PAYE, jambo jema, lakini kiwango chenyewe haikukigusa. Wakati huo huo mishahara inayoongezwa kufuata bei ya unga inasukumwa kwenye asilimia 25, na mtu anatozwa zaidi ilhali kikapu chake hakijajaa.

Unayepeleka maoni kwa Kamati ya Fedha ya Bunge, usiandike malalamiko ya jumla. Taja Jedwali la Tatu la Sheria ya Ushuru wa Mapato, uombe 28,800 kwa mwaka ziwe 38,400, na kiwango hicho kikaguliwe kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei.