Refusha Kichwa Ukitaka, Lakini Reli za Chesi Usizikate

Peterbilt 379, kichwa cha lori cha Kimarekani cha pua ndefu, wilibesi (umbali kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli za nyuma) ya inchi 300, bampa karibu likwangue lami, ni gari zuri. Anayebisha hajaiona ikipita. Shida ni kwamba wenzetu wengi wanaoendesha malori Marekani, wakishanunua kichwa chao cha kwanza, wanatafuta fundi wa bei nafuu wa kukirefusha. Fundi huyo mara nyingi ana njia moja: anakata reli za chesi, vile vyuma viwili virefu vinavyobeba gari zima, nyuma ya kebini, anaingiza kipande, anachomelea, anapaka rangi nyeusi. Rangi ikishakauka huoni kitu. Msimamo wangu ni kwamba kazi ya namna hiyo haifai kwenye gari la kuvuta trela, hata welda awe hodari vipi.

Vichwa virefu hivi vina sababu ya kisheria. Zamani majimbo ya Marekani yalikuwa yakipima urefu wa gari zima, kichwa pamoja na trela, hivyo kila futi ya kichwa ilikuwa imeibwa kwenye mzigo. Ndiyo maana vichwa bapa, visivyo na pua, kama hivi tulivyovizoea Mombasa na Dar, vilikuwa vimejaa kule pia. Mwaka 1982 sheria ya shirikisho ikayazuia majimbo kuweka kikomo cha urefu wa jumla kwenye mtandao wa barabara kuu za kitaifa. Kinachopimwa pale ni trela, kichwa kirefuke kitakavyo. Ila ukitoka nje ya mtandao huo, mambo ni mengine: California, kwa mfano, bado ina kikomo cha futi 65 kwa gari zima.

Sasa chuma chenyewe. Reli ya kichwa kama hiki ina kimo cha takribani inchi 10¾ na unene wa inchi 3/8, na imepikwa kwa joto kiwandani mpaka ikastahimili kiasi cha psi (pauni kwa inchi ya mraba) 120,000 kabla ya kupinda bila kurudi. Bamba la A36, chuma cha kawaida cha ujenzi, linastahimili 36,000. Nguvu ile haitokani na unene. Inatokana na yale mapishi, na moto wa kuchomelea unayafuta pembeni mwa kiungo. Kwa hiyo ufa mara nyingi hauanzi kwenye weldi, unaanza nusu inchi au inchi moja kando yake, kwenye chuma kilicholainika, halafu unapanda kutoka ubavu wa chini wa reli (ule uliolala) kwenda juu. Na fimbo za kuchomelea za 6013, hizi zilizojaa kila gereji ya kwetu, ni za psi 60,000. Kazi hii, kama lazima ifanyike, inataka 11018, tena kavu, zimetoka kwenye oveni yake. Fimbo iliyokaa wazi ikanyonya unyevu huacha hidrojeni ndani ya kiungo, na ufa unaweza kutokea baada ya siku, gari likiwa limeshakabidhiwa.

Kuna watengenezaji wanaoruhusu chesi kuunganishwa, hilo silikatai, lakini soma masharti yao. Kiungo kinasagwa kikawa laini. Ndani kinawekewa chuma cha kuimarisha kinachovuka mbali pande zote mbili, ncha zake zimekatwa mshazari ili mzigo usiishie ghafla mahali pamoja. Kila kitu kinafungwa kwa bolti kwenye ukuta wa wima wa reli. Ubavu wa juu na wa chini hautobolewi wala hauchomelewi vibanio. Na pale nyuma ya kebini, mbele kidogo ya springi, ambapo fundi wa bei nafuu anapenda kukata kwa sababu pana nafasi, ndipo chesi ya kichwa inapopindwa kwa nguvu zaidi trela ikiwa imekalia sahani (kile kiungo cha juu ya chesi kinachoibeba).

Njia ninayoiunga mkono ni reli mpya nzima. Zipo karakana zinazokunja na kutoboa reli kwa vipimo vya gari lako, matundu yote yakiwa mahali pake kwa wilibesi mpya. Unavua kila kitu, unahamisha, unafunga upya kwa bolti za gredi 8 zenye kofia pana. Gharama inapanda, ndiyo, na gari linalala wiki kadhaa. Lakini hakuna kiungo. Kabla ya kukaza mwisho pima mishazari miwili, kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia na kinyume chake. Tofauti ikizidi inchi 1/8, legeza uanze tena. Vyuma vya kukatiza, vinavyounganisha reli mbili, navyo viongezwe, pengo kati yao lisizidi lile alilokuacha nalo mtengenezaji, la sivyo reli moja itaitangulia nyingine kwenye kona.

Hapa ndipo watu hupumua wakadhani wamemaliza, kumbe propela, bomba linalopeleka nguvu ya injini kwenye difu, haijaguswa. Kwa maili 65 kwa saa, difu ya 3.36 (propela huzunguka mara 3.36 tairi likizunguka mara moja) na tairi za kawaida, propela inazunguka karibu mara 1,800 kwa dakika. Kila propela ina kasi ambayo ikiifikia huanza kujipinda kama kamba ya kuruka, na kasi hiyo hushuka kwa mraba wa urefu. Ukirefusha kipande kutoka inchi 60 hadi 75, umebakiwa na asilimia 64 tu ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo bomba halirefushwi ovyo. Unaongeza kipande na senta beringi juu ya chuma imara cha kukatiza, na unaipeleka yote kusawazishwa. Kisha pembe: kila krosi (kiungo kinachoiruhusu propela kupinda) ibaki chini ya digrii 3, zile zinazoshirikiana zisipishane zaidi ya digrii 1, na hata sifuri si nzuri, maana roller za ndani zinahitaji kutikisika kidogo zisije zikachimba mahali pamoja. Uma zinazoshika krosi kwenye ncha mbili za kipande ziwe sambamba. Pima ukiwa umejaza maputo ya hewa ya springi kwa kimo cha kuendeshea, si gari likiwa limelala. Wanaopenda kushusha gari mpaka chini kisha wakaendesha hivyohivyo barabara kuu ndio wanaonunua krosi kila mara na kumlaumu muuzaji.

Paipu za upepo wa breki zikirefuka, hewa inachelewa kufika nyuma. Vali ya relei ihamie karibu na ekseli za nyuma, na paipu ziwe vipande vizima badala ya viungo vitano. Waya za sensa za ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) husokotwa jozi. Ukiunga kwa waya wa redio, taa ya dashibodi itakuambia. Na kama kuna kuchomelea popote, betri na kompyuta ya injini vitolewe kwanza.

Uzito nao unahama. Tuseme trela inaweka pauni 30,000 kwenye sahani iliyo inchi 12 mbele ya katikati ya ekseli za nyuma. Kwa wilibesi ya 240, ekseli ya mbele inabeba 1,500 za mzigo huo. Kwa 300 inabeba 1,200. Zile 300 zimerudi nyuma, ambako kikomo ni 34,000. Kuzirudisha mbele, sahani isogee mpaka inchi 15 mbele ya katikati ile. Reli zenyewe, kwa inchi 60 zilizoongezwa pande zote mbili, ni kama pauni 215 zaidi.

Kupinda kona ni hasara isiyo na dawa. Magurudumu yakikata digrii 40, nusu kipenyo cha mzunguko kinatoka takribani futi 31 kwa wilibesi ya 240 hadi 39 kwa ya 300. Kama mizigo yako inashushwa kwenye maghala ya zamani ya mijini, achana na wazo zima.

Reli kuukuu usizitupe kabla ya kuuliza ofisi ya usajili ya jimbo lako, kwa sababu namba ya chesi imegongwa humo. Na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, pita na spana ya torki kwenye kila bolti. Ukiona unga mwekundu unaotoka chini ya kofia ya bolti, hapo chuma kinasuguana: bolti hiyo itolewe, tundu likaguliwe, iwekwe mpya.