Mkifunga programu, taarifa zangu zinabaki kwa nani?

Miaka michache iliyopita, asubuhi na mapema, nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulimtaja binamu yangu kwa majina yake matatu, ukasema ni tapeli, anadaiwa, na mimi kama mdhamini wake nimwambie alipe kabla hajafikishwa polisi. Sikuwahi kumdhamini mtu. Kumbe dada wa watu alikopa shilingi elfu sabini kwenye programu ya simu, mtoto akiwa anaumwa, na wakati wa kujisajili akabonyeza "kubali" pale palipoomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizomo kwenye simu yake. Ujumbe ule ule ulimfikia mama yake, mwajiri wake, mchungaji wake, hata fundi aliyewahi kumtengenezea kabati. Majumapili mawili hakutia mguu kanisani.

Tangu siku hiyo, nikisikia serikali yoyote inafungia mtandao wa kigeni kwa ajili ya kulinda faragha ya wananchi, nauliza swali moja: zile taarifa zilizokwisha kuchukuliwa ziko kwa nani?

Marekani ndiko mjadala huu ulikowaka zaidi. Aprili 2024, Rais Biden alisaini sheria ya kuitaka ByteDance ya China iuze TikTok au iondoke, mwisho ukiwa Januari 19, 2025. Siku mbili kabla ya hapo Mahakama ya Juu ikasema sheria ni halali. Programu ikazimika kwa saa chache, ikarudi, na Trump akaanza kusogeza muda tena na tena.

Hofu yao haikuwa ya kubuni. Desemba 2022 ByteDance yenyewe ilikiri kwamba wafanyakazi wake waliingia kwenye taarifa za waandishi wa habari wakitafuta nani anawavujishia siri za kampuni. Ningekuwa mwandishi Washington ningeogopa. Hata kuizuia programu ile kwenye simu za watumishi wa umma, kama zilivyofanya serikali nyingi za Ulaya mwaka 2023, naona ni busara ya kawaida.

Lakini sheria ile iliuliza programu ni ya nani. Haikugusa inachokusanya, inakaa nacho muda gani, wala inamuuzia nani. Marekani hadi leo haina sheria moja ya taifa zima inayolinda taarifa binafsi za kila raia, na wapo madalali ambao kazi yao ni kununua na kuuza habari za mahali watu walipo na wanachonunua. Wiki ile ya Januari, vijana wengi wa Kimarekani waliokasirika walikimbilia Xiaohongshu, programu nyingine ya Wachina.

India ilitangulia. Juni 2020, wiki mbili baada ya askari wake 20 kuuawa kwenye mapigano na Wachina huko Galwan, ilifungia TikTok na programu nyingine 58 kwa mpigo. Waliokuwa wakitengeneza video wakahamia Instagram na YouTube, na taarifa zao zikatoka mikononi mwa Mchina zikaenda kwa Mmarekani. Sheria ya kulinda taarifa binafsi India ikaja kupitishwa Agosti 2023, miaka mitatu baadaye.

Ninaowaona wamelishika vizuri zaidi jambo hili ni Wazungu wa Ulaya. Mei 2023 mdhibiti wa taarifa binafsi wa Ireland aliitoza Meta ya Marekani faini ya euro bilioni 1.2 kwa kupeleka taarifa za watu Marekani kinyume cha sheria. Mei 2025 akaitoza TikTok euro milioni 530 kwa kosa la aina hiyo hiyo, safari hii zikienda China. Kanuni ilikuwa moja kwa wote wawili.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo roho inaniuma. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, baada ya kampuni hiyo kuondoa akaunti zilizohusishwa na serikali. Tanzania, X ilizimwa Mei 2025 baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, na baadaye sababu iliyotolewa ikawa maudhui ya ngono. Katika yote mawili, faragha ya mtumiaji haikuwa hoja.

Na matokeo yake kwa faragha ni mabaya kuliko mwanzo. Mtandao ukifungwa, watu wanapakua VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi hicho, na wengi wetu tunachukua ya bure. VPN hubeba kila kinachotoka kwenye simu yako na kukipitisha kwenye mitambo ya mwenyewe kabla hakijafika kinakokwenda. Maana yake mwenye VPN anaweza kuona unatembelea tovuti gani, saa ngapi, mara ngapi. Huyo ni nani? Yuko nchi gani? Anakula nini kama huduma ni bure? Mama muuza vitenge aliyetaka tu kuwafikia wateja wake amekabidhi nyendo zake zote kwa mtu asiyejulikana hata na serikali iliyofunga. Ukitaka kuitumia VPN kihalali Tanzania, tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataka uitangaze kwao, namba ya utambulisho wa mtandao wako ikiwemo.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Nilifurahi kweli, na nilimpigia binamu. Akaniuliza, "Kwa hiyo wamefuta namba zetu?" Sikuwa na jibu.

Nairobi walilipata. Mwaka 2023 watu walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, wakalipwa sarafu hizo zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo. Wanaharakati hawakuridhika na kusimamishwa tu, wakaenda mahakamani, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile za kibayometriki zifutwe, Kamishna wa Ulinzi wa Data akisimamia.

Tanzania tuna sheria ya mwaka 2022 na tuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Naiomba Tume ianzie na zile programu 69: iwaite wenye nazo, iwaulize walichukua namba za nani, waliziweka wapi, waliwauzia akina nani, kisha isimamie zinafutwa. Na mimi nijulishwe, maana yangu ilichukuliwa bila mimi kubonyeza chochote.