Turbo iliyotuniwa Nairobi ikishuka Malindi

Ukiwa nyuma ya lori la chumvi lililotoka Gongoni, na mbele unaona upenyo mfupi tu, nguvu ya injini si anasa. Gari likikawia kushika kasi, unabaki upande wa kulia huku mwingine anakuja. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya wanaopeleka Subaru zao, Forester na Impreza za turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia hewa zaidi), kwa fundi zikaongezwe nguvu, yaani kutuniwa, na ina uzito wake.

Hoja yao ya pili ni kwamba injini hizi zina akiba. Nayo si uongo. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze gari lenye nguvu ya zaidi ya farasi 280, na baadhi ya injini za miaka hiyo ziliachiwa nafasi ya kutosha. EJ20 ya turbo, injini ya Subaru hizo yenye sisi 1,994, ikiandikiwa upya kompyuta yake kwa uangalifu inaweza kutoa asilimia 10 hadi 15 zaidi bila kufunguliwa boliti hata moja. (Mwenye Probox asijisumbue. Injini yake, 1NZ, haina turbo. Chujio la bei na egzosi pana vitampa kelele kuliko farasi.)

Tatizo ni kwamba magari mengi hutuniwa Nairobi kisha yakaja kuishi huku Malindi. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la kama baa 0.83. Malindi ni 1.01. Kiwashi cha turbo, yaani ile kopo inayofungua mlango wa kupunguza moshi unaoizungusha, hupima tofauti na hewa ya nje. Ukiwekewa shinikizo la turbo la baa 0.9 kule, injini inapata jumla ya 1.73, ukishuka na mpangilio uleule inapata 1.91. Ni asilimia 10 zaidi, na hakuna aliyegusa kitu. Turbo yenyewe inapata nafuu, maana huku haizunguki kwa nguvu kama kule juu. Anayebeba mzigo ni pistoni.

Utasema sensa ya hewa itaona hewa imezidi na kompyuta itaongeza petroli. Ni kweli, itaongeza. Lakini muda wa cheche, yaani lini plagi iwashe, unasomwa kwenye jedwali la kompyuta, na visanduku vya juu kabisa vya jedwali hilo fundi wa Nairobi hakuweza kuvifikia alipokuwa akipima. Alivijaza kwa kukisia. Gari linavifikia kwa mara ya kwanza likiwa Malindi, katika joto la digrii 32, na petroli ya super ambayo haifikii ile hai-oktani ya Japani (petroli isiyojilipukia upesi), ya karibu 100, iliyokusudiwa na kiwanda.

Hapo ndipo petroli inapojilipukia kwenye kona ya silinda kabla moto wa plagi haujafika. Sauti yake ni kama changarawe kwenye mkebe, na egzosi kubwa huificha kabisa. Pistoni za EJ20 nyingi ni za kumiminwa, si za kufuliwa, na ule ukingo mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ndio huvunjika, mara nyingi silinda ya 4. Dalili ni moshi wa bluu, oili inayopuliziwa kwenye mpira wa kupumulia, na silinda moja kuwa dhaifu kuliko wenzake.

Watu huita mlipuko huo na kuliwa kwa beringi kwa jina moja, "kunoki", na mkanganyiko huo hugharimu. Injini iliyonoki kwa maana ya gereji ni beringi za koni rodi (fimbo zinazoshika pistoni) zilizoliwa, na chanzo huwa oili: imeshuka, imezeeka, au bomba la kuifyonza kutoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, limepasuka. Ukibadilisha beringi huku tatizo ni cheche, umetengeneza sehemu isiyoumwa.

Hila mbili za bei rahisi ndizo zinazoua zaidi. Ya kwanza ni kuweka kibomba cha kuvujisha hewa kwenye mpira wa kiwashi ili turbo ipige zaidi, kisha kompyuta ikikata petroli kujilinda, fundi anaidanganya sensa ya shinikizo. Huo ulinzi ndio uliokuwa unaokoa pistoni. Ya pili ni kubadilisha bomba la chujio. Sensa ya hewa imepimwa kwa bomba lake: ukilitoa la milimita 65 ukaweka la 75, eneo limekua kwa theluthi, hewa inapita polepole, na sensa inasoma kama robo pungufu. Kwenye mwendo wa kawaida kompyuta hujisahihisha. Ukikanyaga mpaka chini haijisahihishi, na petroli inakuwa kidogo pale inapohitajika zaidi.

Injekta, vile vinyunyizio vya petroli, nazo zina kikomo. Nne za sisi 440 kwa dakika, zikifunguka asilimia 85 ya muda, zinatosha farasi 240 hivi. Anayekuahidi 300 kwa injekta hizohizo hajapiga hesabu.

Kwa gari la kwenda Mombasa na kurudi kila wiki, naona kutuni kompyuta peke yake kunafaa, kwa masharti. Kwanza pima mgandamizo wa silinda zote nne, injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa na thrito (mlango wa hewa ya injini) imefunguliwa. Tofauti ikizidi asilimia 10, hakuna kutuni. Mkanda wa taimingi usiojulikana umri wake ubadilishwe, maana ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Weka plagi zilizo baridi kwa hatua moja, NGK namba 7 badala ya 6, pengo milimita 0.7.

Halafu chumvi, ambayo Nairobi hawaijui. Mapezi ya intakula, kipoza hewa ya turbo, huota unga mweupe na kuziba. Yaoshwe kwa maji baridi yasiyo na presha. Rejeta iwekwe kulanti nusu na maji ya distili (yaliyopatikana kwa kupoza mvuke) nusu, si ya kisima. Waya wa athi ukishika kutu, pampu ya petroli inapata umeme pungufu: washa taa na feni, pima kati ya hasi ya betri na bodi ya gari, na ikizidi volti 0.2 safisha.

Mwisho vipimo vya gari virekodiwe hukuhuku, mchana, gia ya tatu bila kupita kilomita 110 kwa saa. Uwiano wa hewa na petroli turbo ikiwa imejaa ukae 11 hadi 11.5, na kompyuta isiwe inarudisha cheche nyuma kwa sababu ya mlipuko. Ikirudisha, fundi apunguze digrii mbili au tatu na mpime tena. Farasi wachache watapotea hapo, na lori la chumvi utalipita vilevile.